Kompyuta ya Kurekodi Kwaya: Msikimbilie Kadi ya Picha



Siku hizi vikundi vingi, hasa kwaya na vijana, vinatamani kununua kompyuta ya kurekodi nyimbo. Ni wazo zuri. Kwaya ikijirekodi yenyewe haina haja ya kusafiri hadi mjini na kulipa studio kila mara. Na kijana akiijua kazi hiyo vizuri anaweza kurekodi kwaya za vigango jirani akapata riziki yake. Lakini kununua kompyuta ni kama kununua ng'ombe. Ukienda sokoni bila kujua unachotafuta, utauziwa yule mwenye pembe nzuri, na maziwa hutayaona.

Kikundi kimoja ninachokitembelea kilikuwa kimeweka pesa karibu miaka miwili. Akina mama waliuza mayai na maharagwe, vijana wakafanya vibarua vya kulima, na harambee moja ndogo ikafanyika baada ya Misa. Katibu akaenda mjini, akarudi na kwotesheni ya duka moja. Mwenyekiti alikuwa tayari kupeleka deposti kesho yake. Ndipo mweka hazina, mama asiyejua kompyuta lakini anayejua hesabu, akaniuliza: "Dada, hiki kitu cha tatu kwenye karatasi ni nini? Mbona peke yake kinakula karibu theluthi ya pesa yetu?"

Kitu hicho cha tatu kilikuwa kadi ya picha. Wote tukatazamana. Mwenye duka alikuwa amesema tu, "Hii ndiyo mashine ya studio," na kuwaonyesha sanduku lenye taa za rangi zinazowaka ndani. Niliwaomba wangoje wiki mbili. Tukaenda kwa fundi anayerekodi kwaya, tukakaa naye, tukauliza kila swali hata yale ya aibu. Haya ndiyo tuliyojifunza. Nayaandika ili kikundi chenu kisipoteze pesa kwa kukosa mtu wa kuuliza.

1. SAUTI INAFANYIWA KAZI WAPI?

Hebu fikirieni jikoni siku ya harusi.

Prosesa ni mpishi mkuu. Kila hesabu inapita mikononi mwake.

RAM ni meza ya kukatia. Ikiwa ndogo, mpishi anapoteza wakati akihamisha vyombo huku na huku.

Diski ni stoo. Ndimo vinamowekwa vitu vyote, na mpishi akihitaji kitu, stoo ikiwa na mlango mzito kazi inachelewa.

Kisanduku cha sauti, ambacho mafundi wanakiita intafesi, ni mlango wa jikoni. Sauti ya maikrofoni inaingia hapo na kugeuzwa kuwa namba. Namba zikitoka zinageuzwa tena kuwa sauti ya kusikika kwenye spika au hedifoni.

Kadi ya picha ni yule anayepanga sahani mezani ili wageni waone. Kazi yake ni kuchora vile vitu unavyoviona kwenye skrini: madirisha, mistari, vitufe, na picha zinazotembea.

Sauti ya kiwango cha CD ni namba 44,100 kwa kila sekunde moja, na hiyo ni kwa maikrofoni moja tu. Mkiwa na maikrofoni nane, zidisheni mara nane. Ukitaka kuongeza mwangwi kidogo kwenye sauti ya soprano, au kupunguza uzito wa besi, ni mpishi mkuu anayefanya hesabu hizo. Kadi ya picha haiguswi. Yenyewe inachora tu ile mistari inayopanda na kushuka wakati mnaimba.

Programu za kurekodia kama Reaper, Ardour au Audacity huchora mistari na vitufe, basi. Hiyo ni kazi nyepesi. Mchezo wa kompyuta wa magari na vita ndio unaochosha kadi ya picha, kwa sababu kila kitu kinabadilika mara nyingi kwa sekunde moja. Kwa hiyo ile mashine yenye taa za rangi ilikuwa nzuri kweli, lakini ilikuwa imetengenezwa kwa mchezaji, si kwa mwimbaji. Zipo programu chache za muziki zinazoipa kadi ya picha kazi ya sauti, lakini kwaya inayoanza haizihitaji.

2. BILA KADI, PICHA ITATOKA WAPI?

Hili ndilo swali mwenyekiti aliuliza, na ni swali la busara. Jibu ni kwamba prosesa nyingi zina sehemu ya picha ndani yake. Haina bei ya ziada, na inatosha kabisa kwa kazi ya muziki. Kwa mfano prosesa ya Intel Core i5-8500, inayopatikana katika kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, zile tunazoziita ex-UK, ina sehemu ya picha iitwayo UHD Graphics 630. Hiyo inaweza kuendesha hadi skrini tatu, kama mashine ina matundu ya kutosha nyuma.

Lakini lazima mtazame jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho. Kwa Intel, herufi F mwishoni ina maana sehemu ya picha haifanyi kazi. Core i5-12400 inayo, Core i5-12400F haina. Kwa AMD, Ryzen 5 5600G inayo, lakini Ryzen 5 5600 na 5600X hazina. Katika zile za mfululizo wa 7000 za kompyuta ya mezani, nyingi zina sehemu ndogo ya picha, isipokuwa zile zenye herufi F kama Ryzen 5 7500F.

Angalieni ujanja uliopo hapa. Duka likikuuzia prosesa ya F kwa bei nafuu kidogo, umefungwa. Ni lazima sasa ununue kadi ya picha, maana bila hiyo skrini itabaki nyeusi. Punguzo ulilopewa kwa mkono wa kulia limechukuliwa kwa mkono wa kushoto. Kwotesheni ya kile kikundi ilikuwa hivyo hivyo: prosesa ya F, halafu kadi kubwa.

Jambo lingine ni miaka ya mashine. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Mnajuaje kizazi? Tazameni namba baada ya i5. Core i5-7500 ni kizazi cha saba, haikubaliwi rasmi. Core i5-8500 ni kizazi cha nane, inakubaliwa. Sura za mashine hizo mbili zinaweza kufanana kama mapacha, kwa hiyo someni namba, msitazame sanduku.

Kama tayari mna mashine ya zamani, msiitupe. Inaweza kuendelea kurekodi ikiwa haiunganishwi na intaneti, ama mnaweza kuweka Ubuntu Studio, ambayo ni ya bure na inakuja na programu za kurekodia ndani yake. Tatizo ni kwamba baadhi ya intafesi hazielewani na mfumo huo. Ulizeni kwanza.

3. HASARA ZA KADI KUBWA ISIYO NA KAZI

Mtu anaweza kusema, "Kubwa haidhuru, bora tuwe nayo." Fundi alitueleza kwamba inadhuru kwa njia nne.

Ya kwanza ni pesa. Pesa iliyokwenda kwa kadi haikwenda kwa maikrofoni. Na msikilizaji wa wimbo wenu hataona skrini yenu hata siku moja. Atasikia maikrofoni.

Ya pili ni stima. Kadi kama GeForce RTX 3060 inaweza kula hadi wati 170 ikifanya kazi kwa nguvu zote, na NVIDIA yenyewe inashauri sanduku la umeme la wati 550. Ni kweli kwamba kwenye muziki haitafika huko, maana haina kazi. Lakini hata ikikaa bure inakula kitu. Kwa wale wanaotumia sola, pigeni hesabu: betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 ikijaa, na ile ya risasi ya kawaida haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Kompyuta na skrini zikila wati 80 kwa pamoja, mna zaidi kidogo ya saa saba. Zikila wati 120, mna saa tano tu. Hizo saa mbili ndizo kwaya ingetumia kurudia wimbo uliokosewa.

Ya tatu ni kelele. Kadi kubwa nyingi zina feni mbili au tatu. Sisi tunarekodi katika chumba kimoja na kompyuta, hatuna chumba cha kioo kama studio za mjini. Maikrofoni haina adabu, inanasa kila kitu: jogoo, mvua ya mabati, na feni.

Ya nne ndiyo inayosahaulika, nayo ni draiva. Hii inahitaji maelezo yake.

4. DRAIVA NI NINI, NA INAHARIBUJE WIMBO?

Draiva ni programu ndogo inayoiongoza sehemu moja ya kompyuta, kama vile dereva anavyoongoza matatu. Kadi ya picha ina draiva yake, intafesi ina yake, printa ina yake. Zote zinatumia barabara moja, nayo ni prosesa.

Sasa, kompyuta haipeleki namba za sauti kwa spika moja moja. Inazijaza kwenye ndoo ndogo, kisha inaimwaga ndoo nzima. Ndoo ya namba 256, kwa ile kasi ya 44,100 kwa sekunde, inakwisha kwa karibu milisekunde 6. Milisekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara elfu. Kabla ndoo haijakwisha, nyingine lazima iwe imejaa.

Draiva ya picha ikisimama katikati ya barabara kwa muda mrefu kuliko huo, kama matatu inayopakia abiria bila kuegesha pembeni, ndoo ya sauti haijazwi kwa wakati. Mnasikia "krr" ama "tak" kwenye wimbo. Ikiwa mnarekodi, ile "krr" inaweza kuingia ndani ya wimbo na haitoki tena. Ni lazima mrudie.

Ubaya ni kwamba watu wanalaumu kitu kingine. Wanabadilisha waya, wanashuku maikrofoni, wanagombana na kijana anayerekodi. Kumbe mwenye makosa ni draiva, na mara nyingine ni ya picha au ya Wi-Fi ambayo hata haihusiki na sauti.

Kabla ya kwenda mbali, jaribuni kubadilisha ukubwa wa ndoo. Kwenye programu mtaiona ikiitwa "buffer". Wakati wa kurekodi tumieni 128 au 256, ili mwimbaji ajisikie kwenye hedifoni bila kuchelewa. "Krr" ikitokea, pandeni hadi 512. Wakati wa kuchanganya sauti, mkiwa hamrekodi mtu, wekeni 1,024. Kuchelewa kwa milisekunde 23 hakumsumbui mtu anayesikiliza tu. Mara nyingi tatizo linaishia hapo, bila kutoa hata shilingi.

5. KUMTAFUTA DRAIVA MKOROFI

Kuna programu iitwayo LatencyMon, ya bure kwa matumizi ya nyumbani, inayofanya kazi kwenye Windows. Iwasheni, mbonyeze kitufe cha kuanza, kisha muiache dakika 10 hadi 15 huku wimbo ukicheza. Mwishoni itawaambia kama mashine inafaa kwa sauti, na itaonyesha jina la faili lililokaa barabarani muda mrefu zaidi.

Jina likiwa nvlddmkm.sys, hiyo ni draiva ya kadi za NVIDIA. Jina likiwa dxgkrnl.sys, hiyo ni sehemu ya Windows inayosimamia picha, na mara nyingi inaelekeza kidole kwa draiva ya picha. Likiwa ndis.sys, ni upande wa mtandao. Zimeni Wi-Fi na mpime tena.

Mkigundua ni ya picha, fuateni hatua hizi polepole.

(a) Andikeni kwenye daftari jina la mashine, jina la kadi na namba ya draiva iliyopo. Mtaziona kwenye "Device Manager". Tengenezeni pia "restore point", ambayo ni kama alama ya njia ya kurudia nyumbani mkipotea.

(b) Chukueni draiva kwa mtengenezaji mwenyewe. Kama ni mashine ya ofisi ya Dell au HP, anzeni kwenye tovuti ya Dell au HP. Kama ni kadi ya kununua kando, nendeni kwa NVIDIA, AMD au Intel. Msitumie programu zinazojitangaza kwamba zitatafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi zinaleta takataka. Kama hamna intaneti kijijini, nendeni saiba na flashi disiki, lakini mbebe lile daftari.

(c) NVIDIA ina draiva za aina mbili kwa kadi zake za kawaida: Game Ready kwa wachezaji, na Studio kwa wanaofanya kazi za ubunifu. Chukueni Studio. Haibadilishwi kila mchezo mpya unapotoka.

(d) Wakati wa kuweka, msibonyeze tu "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho. Chagueni njia ya kujichagulia wenyewe. Draiva ya picha huja na draiva ya sauti ya kupitisha kwenye waya wa HDMI, kwa ajili ya spika za skrini. Kama hamtumii spika hizo, iacheni nje. Wengi wameamka asubuhi wakakuta sauti imepotea, kumbe Windows imeipeleka kwenye skrini isiyo na spika.

(e) Kwenye Windows chagueni mpango wa umeme wa nguvu kamili. Kama kadi ni ya NVIDIA, kwenye ukurasa wake wa mipangilio chagueni "Prefer maximum performance". Kadi inayolala na kuamka kila mara ndiyo husababisha hizo "krr". Lakini mnaotumia sola mkumbuke kwamba hatua hii inakula stima zaidi, kwa hiyo rudisheni mpango wa kawaida mkimaliza kurekodi.

(f) Kama draiva mpya ni mbaya kuliko ya zamani, rudisheni ya zamani. Kwenye "Device Manager" kuna kitufe cha kurudi nyuma. Kikishindikana, kuna programu ya bure iitwayo Display Driver Uninstaller inayofagia draiva ya picha kabisa, halafu mnaweka upya.

(g) Mashine ikitulia, iacheni. Na msibadilishe draiva yoyote usiku wa kuamkia siku ya kurekodi! Mpishi habadilishi jiko asubuhi ya harusi.

Neno moja zaidi. Kwa mwanamuziki, draiva ya intafesi ina uzito kuliko ya picha. Kwenye Windows, programu nyingi za kurekodia hutumia utaratibu uitwao ASIO, ulioanzishwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, ambao unaipitisha sauti kwa njia ya mkato. Kabla ya kununua intafesi, ulizeni kama mtengenezaji wake anatoa draiva yake mwenyewe ya ASIO, na kama inafanya kazi kwenye Windows mliyo nayo.

6. JE, KUNA WAKATI KADI INAHITAJIKA?

Ndiyo. Sitaki mtu aseme kwamba gazeti letu limekataza kadi za picha.

Mkitaka kutengeneza video za kwaya, za kuweka YouTube, hapo mambo yanabadilika. Programu kama DaVinci Resolve hutegemea sana kadi ya picha. Programu nyepesi kama Kdenlive na Shotcut zinaweza kwenda na sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa, ila zitakuwa polepole mkimalizia video. Vilevile programu mpya zinazotenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo kwenye wimbo uliokwisha rekodiwa hufanya kazi haraka zaidi zikipata kadi nzuri.

Ushauri wetu ni huu: anzeni na sauti. Nunueni mashine ya mnara, ile ya kusimama, yenye nafasi ya kuongeza kadi baadaye. Zile za ofisi zilizo nyembamba hazina nafasi ya kadi ndefu, na sanduku lao la umeme ni dogo. Kwaya ikishaingiza pesa na kazi ya video ikija kweli, mtaongeza kadi inayolingana na kazi hiyo.

Siku hiyo ikifika, msichukue kadi kwa sababu ni rahisi tu. Kwa mfano GT 710 bado inaonekana madukani, lakini NVIDIA iliacha kuitolea draiva mpya za kawaida mwaka 2021, na marekebisho ya usalama yakaisha mwaka 2024. Kadi isiyo na draiva mpya ni kama shamba lisilo na hati: leo unalima, kesho hujui.

Na mkishaweka kadi, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la mashine. Wengi wamerudisha kadi dukani wakisema ni mbovu, kumbe ni waya tu.

7. PESA IGAWANYWE VIPI?

Kwa kwaya inayoanza, huu ndio mpangilio tuliokubaliana na fundi, kuanzia lililo muhimu zaidi:

Kwanza, maikrofoni nzuri na intafesi yenye draiva yake.

Pili, kompyuta yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi, ama Ryzen ya kiwango hicho, yenye picha ndani.

Tatu, RAM ya GB 16. Ya GB 8 inaweza kuanza, mradi nafasi ya kuongeza ipo.

Nne, diski ya SSD ya GB 500. Hesabu yake ni hii: maikrofoni moja kwa ubora wa biti 24 hujaza karibu MB 8 kwa dakika. Maikrofoni nane kwa wimbo wa dakika tano ni karibu MB 320. Nyimbo 12, kila mmoja ukirudiwa mara tano, ni GB 19 hivi. Nafasi ipo ya kutosha.

Tano, diski ya pili ya nje ya kuhifadhia nakala. Ikae nyumbani kwa mtu mwingine, si juu ya kompyuta ile ile.

Sita, UPS, kwa sababu stima yetu mnaijua.

Kadi ya picha: sifuri kwa sasa.

Mkienda dukani, nendeni watu watatu, akiwemo mweka hazina. Ombeni mashine iwashwe mbele yenu. Someni jina kamili la prosesa kwenye skrini, si kwenye karatasi. Ombeni ruhusa ya kuendesha LatencyMon dakika kumi mkiwa na hedifoni zenu. Mwenye duka akikataa hata hilo, salimieni na mwende duka la pili. Risiti iandikwe namba ya mashine, na muda wa garantii uandikwe, usisemwe kwa mdomo tu.

KILE KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Walirudi kwenye mkutano, katibu akasoma kwotesheni upya mbele ya wote. Haikuwa rahisi. Vijana wawili walitaka ile mashine ya taa, na mmoja alisema wazi kwamba tunawarudisha nyuma. Mweka hazina akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi niliuza mayai ili nisikie wimbo. Taa nitaziona Krismasi." Watu wakacheka, na kura ikapigwa.

Walinunua mnara wa ofisi uliotumika, intafesi, na maikrofoni mbili badala ya moja. Siku ya kwanza ya kurekodi, "krr" ilisikika kweli. Zamani wangeanza kulaumiana. Lakini yule kijana aliyetaka mashine ya taa ndiye aliyefungua LatencyMon, akakuta ndis.sys, akazima Wi-Fi, na kelele ikakoma. Sasa yeye ndiye fundi wa kikundi, na daftari la draiva analitunza yeye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta tunayoitaka ni ya kazi gani hasa: sauti peke yake, au na video? Tuna uhakika gani kwamba kazi hiyo itakuja?

2. Katika kwotesheni yetu, ni kitu gani ambacho hakuna mwanakikundi anayeweza kueleza kazi yake? Tumwulize nani kabla ya kulipa?

3. Nani atafundishwa kuitunza mashine, na nani wa pili atajifunza ili wa kwanza akihama kazi isisimame?

4. Katika kikundi chetu, je, yule anayeuliza swali la pesa anasikilizwa, au anaonekana mkorofi?

Swali la nne ndilo ningependa mkae nalo zaidi. Pesa ya kile kikundi haikuokolewa na mtaalamu. Iliokolewa na mama mmoja aliyeuliza, "Hiki ni nini?" kabla sahihi haijawekwa. Mungu abariki kazi ya mikono yenu na sauti zenu.